Sura ya Sita: Kigezo cha Karatasi

Upande wa kulia wa boti yangu, pale ambapo mtu hukanyaga akitoka gatini kuingia ndani, palikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa vijiti vya mbao. Hakuna lililozidi upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliyafunika kwa vanishi nzito pamoja na sitaha nzima, nami nikakaa na boti mwaka mzima bila kuyaona. Siku nilipoikwangua vanishi hadi kwenye mbao tupu yakajitokeza, mawili kwa mawili. Kitu kilikuwa kimefungwa hapo kwa skrubu, kisha kikang'olewa. Sikujua ni kitu gani.

Boti yenyewe ni Chris-Craft ya futi 17, ya mahogani, iliyojengwa Michigan katikati ya miaka ya 1950. Niliinunua hukohuko Michigan, ninakoishi. Niliwauliza wenzangu wenye boti za mbao. Mmoja aliniambia palikuwa na pete ya kufungia kamba. Mwingine akasema ni mkono wa kushikilia. Wa tatu alinishauri nipake vanishi nisahau. Jibu lilikuja kwa posta, ndani ya bahasha ya kaki: brosha ya msimu uleule boti yangu ilipojengwa, niliyoinunua kwa dola 25. Katika picha moja msichana anaingia botini. Mguu wake wa kulia umekanyaga kipande cha mpira mweusi chenye ukingo wa kromu, na kona za kipande hicho zimeshikwa na skrubu nne. Nikaenda na brosha hadi kwenye boti, nikailaza juu ya sitaha, nikahesabu. Kilikuwa kikanyagio. Matundu yangu yalikuwa chini ya soli ya kiatu chake.

Tangu siku hiyo nakusanya karatasi za boti kwa bidii ileile ninayoitunza boti.

Ubao mbovu hautupwi

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Siku hizi mikono haina tena nguvu ya tezo, lakini ukimtajia chombo atakuuliza mkuku wake kwanza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora chombo kwenye karatasi. Mkuku ukishalazwa, mataruma aliyapata kwa jicho, akichagua miti iliyojipinda yenyewe msituni. Nilimpigia simu kumweleza habari ya matundu yale, na jinsi nilivyokuwa nakaribia kung'oa mbao za chini zilizooza.

"Ubao mbovu hautupwi, mwanangu," aliniambia. "Unaulaza juu ya mpya, unachora, unakata. Ukiutupa kabla hujakata mwenziwe, umekitupa chombo."

Kwa fundi, ubao uliooza unabaki kuwa kigezo. Hauwezi tena kuzuia maji, ila umbo bado umelishika. Maneno hayo ndiyo yaliyonifahamisha kazi ya brosha. Boti ya mbao hufa kipande kipande na kufufuliwa kipande kipande. Leo unabadilisha mbao za chini, mwaka kesho sitaha, mwaka unaofuata viti. Injini imeshatolewa na mtu usiyemjua, miaka 30 iliyopita. Wengi walioshughulika na boti hizi kabla yetu hawakuwa na ami wa kuwaonya. Waling'oa, wakatupa, wakaweka walichokuwa nacho. Pale ambapo ubao wa asili umeshachomwa moto, kigezo pekee kilichobaki ni karatasi.

Sisi watu wa pwani tunajua hasara ya kukosa kigezo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari, uliondoka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Tunachojua leo juu yake tunakijua kwa vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, picha chache, na maelezo ya watu waliouona ukitia nanga. Mafundi wake walikuwa na elimu kubwa kichwani, nayo ilizikwa pamoja nao.

Karatasi zilitoka wapi

Ili kuelewa kwa nini boti za Marekani ziliacha karatasi nyingi hivi, mtu aanzie Algonac, mji mdogo kando ya mto St. Clair. Hapo ndipo Christopher Columbus Smith, aliyezaliwa 1861, alipojifunza kuunda madau ya kuwindia bata, kisha boti za mashindano. Tajiri Gar Wood alinunua boti ya Smith, Miss Detroit, mwaka 1916, na mwaka 1920 alikwenda Uingereza na boti nyingine, Miss America, akalitwaa kombe la mbio za boti la Harmsworth. Boti za namna hiyo hazikuhitaji brosha. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye alimjua fundi kwa jina.

Mambo yaligeuka mwaka 1922, Smith na wanawe walipoanzisha Chris Smith & Sons Boat Company. Walikusudia kujenga boti zinazofanana, nyingi, kwa bei inayojulikana, na kumuuzia mtu wa Ohio au Florida ambaye hataiona Algonac maishani mwake. Mwaka 1930 kampuni ikachukua jina la Chris-Craft. Mnunuzi wa mbali hawezi kupapasa mbao, kwa hiyo lazima apewe kitu cha kushika mkononi. Brosha ilichukua nafasi ya kuonana na fundi.

Soko lake kuu lilikuwa maonyesho ya boti. New York ilifanya maonyesho yake ya kitaifa ya boti za injini kwa mara ya kwanza mwaka 1905, katika ukumbi wa Madison Square Garden. Baadaye ikawa desturi: katikati ya baridi kali, maziwa yameganda, watu huingia ukumbini kutazama boti za kiangazi kijacho na kutoka na mfuko wa karatasi. Ndiyo maana brosha nyingi huwa na mwaka wa mbele yake. Wanaume walizisoma usiku kucha, wakaweka alama za kalamu kwenye boti wasiyoweza kuilipia. Ninayo moja ambayo mtu amejumlisha bei pembeni, amekata, amejumlisha tena, na jumla ya pili ni ndogo. Boti aliyoizungushia duara ni ndogo pia.

Mwaka 1942 umekata historia hii vipande viwili. Marekani ilipoingia vitani, ujenzi wa boti za starehe ulisimama, na Chris-Craft ikajenga zaidi ya mashua 10,000 za kushushia askari ufukweni, zilizobuniwa na Andrew Higgins wa New Orleans. Chama cha Antique and Classic Boat Society, kilichoanzishwa 1975 na chenye makao yake Clayton, New York, bado kinaufuata mkato huo: boti za 1919 hadi 1942 zinahesabiwa za kale, na zilizofuata zina daraja lake. Kwenye karatasi mkato unaonekana kwa macho. Kabla ya vita unaona madereva waliovaa tai. Baada ya vita wanakuja watoto, ndoano za samaki na vikapu vya chakula. Mwaka 1950 kampuni ilianza kutoa boti za kujiundia nyumbani, mbao zikiwa zimekatwa tayari, zikiwa na katalogi zake zenyewe. Mwaka 1955 ikatoka Cobra, yenye pezi la faibaglasi mgongoni, nayo ilijengwa mwaka huo tu. Ukiipanga mezani karatasi ya 1955, pezi lile linakuambia kinachokuja: mwaka 1960 familia ya Smith iliiuza kampuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chris-Craft ikaacha kujenga kwa mbao.

Kusoma brosha

Anayeanza kukusanya huvutwa na majalada ya rangi. Nami nilivutwa. Lakini mwenye boti anatakiwa kuanza na karatasi zisizopendeza. Cha kwanza ni kitabu cha injini, kwa sababu kitakuambia mpangilio wa moto wa silinda na aina ya mafuta. Cha pili ni katalogi ya vipuri, yenye michoro ya kila bawaba na kila taa. Cha tatu ni orodha ya bei, karatasi moja nyembamba iliyochomekwa ndani ya brosha. Bei zilibadilika mara kwa mara, kwa hiyo kiwanda kiliichapisha peke yake, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Ukiipata usiiachie. Hapo ndipo utaona kipi kilikuja na boti na kipi kililipiwa zaidi: kifuniko cha turubai, taa ya kumulikia, king'ora. Brosha ya rangi inakuja ya nne.

Na usiamini kila unachokiona ndani yake. Brosha ilichapishwa kabla ya msimu, mara nyingine kabla boti ya kwanza haijakamilika. Fundi wa picha alichukua picha ya mwaka uliopita, akaipulizia rangi, akafuta kioo cha mbele na kuchora kipya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kiwanda kilijilinda kwa kusema kinaweza kubadili chochote bila kutoa taarifa. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha usukani mzuri wa asili kwa sababu haukufanana na wa kwenye picha. Picha ndiyo iliyokuwa na kosa.

Dawa yake ni kuweka karatasi ya pili kando ya ya kwanza. Jumba la The Mariners' Museum, lililopo Newport News, Virginia, limehifadhi nyaraka za Chris-Craft, zikiwemo kadi ambazo kiwanda kilizijaza boti kwa boti: namba yake, injini yake, vifaa vyake, tarehe ya kuondoka na mahali ilikopelekwa. Namba imepigwa muhuri kwenye mbao. Yangu niliipata kwa tochi na brashi laini, nimelala kifudifudi juu ya injini, nikifuta grisi herufi baada ya herufi. Brosha ilitaja injini kadhaa ambazo mnunuzi angeweza kuchagua. Kadi ilinionyesha aliyoichagua mnunuzi wa kwanza: aina ya K, silinda sita, nguvu ya farasi 95, ambayo bloku yake Chris-Craft iliinunua kwa Hercules wa Canton, Ohio. Brosha inakuambia yaliyowezekana na kadi inakuambia yaliyotendeka. Nikisoma zote mbili, ndipo nathubutu kushika msumeno.

Wenye mitumbwi ya Old Town, ya jimbo la Maine, wana bahati kama hiyo. Kampuni iliweka kumbukumbu ya mitumbwi yake kwa namba iliyopigwa ndani ya ncha, na kwa namba hiyo mtu hupata urefu, aina ya mbao na rangi ya kwanza ya mtumbwi aliorithi kwa babu yake.

Wasioonekana

Kuna jambo jingine ambalo brosha hazisemi, na mimi kama Mwafrika siwezi kulipita. Katika karatasi zote nilizo nazo za kabla ya 1960, sijaona uso mmoja mweusi. Hayupo usukanini wala gatini. Mgeni akitazama kabati langu atadhani watu weusi wa Marekani hawakujua maziwa.

Walikuwepo. Saa chache kutoka Algonac, katika kaunti ya Lake, Michigan, lipo ziwa la Idlewild. Kuanzia 1912 viwanja vyake viliuzwa kwa Wamarekani weusi ambao milango ya hoteli nyingine ilifungwa mbele yao. Daktari Daniel Hale Williams, bingwa wa upasuaji wa Chicago, alinunua ardhi hapo, na mwanazuoni W.E.B. Du Bois naye akawa na viwanja vyake. Kwa zaidi ya miaka 40 familia zilikuja kiangazi kuogelea, kuvua, kuendesha boti na kusikiliza muziki, hadi sheria ya haki za raia ya 1964 ilipofungua milango mingine na wageni wakapungua. Waliouza viwanja vya Idlewild nao walichapisha vijitabu vyao vya kuvutia wageni.

Kwa hiyo nimepanua mkusanyiko wangu. Kando ya brosha za kiwanda naweka kadi za posta za Idlewild, picha za familia zilizopigwa gatini, chochote chenye ziwa lile na watu wale. Boti haitengenezwi na kiwanda peke yake. Walioipanda nao ni sehemu ya historia yake, na karatasi iliyowaacha nje inahitaji karatasi nyingine ya kuisahihisha.

Ya asili na ya nakala

Mwaka wangu wa pili nilitapeliwa. Muuzaji mmoja aliniuzia brosha ya kabla ya vita, akaapa ni ya asili, nami nikalipa bei ya asili. Iliponifikia ilikuwa nzuri mno. Niliiinamia kwa kioo cha kukuzia, kile cha mara 10 wanachotumia masonara, na kazi ya dakika mbili ikanifunza nisichosahau.

Picha ya chapa ya zamani imeundwa kwa vitone. Katika karatasi ya asili vitone hivyo ni visafi na vimepangika, na herufi zimejaa wino mpaka ukingoni. Mtu akipiga picha ukurasa uliochapishwa na kuuchapisha upya, vitone vipya hulala juu ya vya zamani, na pale vinapopishana hutokea mawimbi kama ya maji yaliyoguswa na upepo. Herufi nazo hupata ukingo wa kutafunwa. Lakini kilichonihakikishia zaidi kilikuwa kidole. Katikati ya ukurasa palionekana kivuli cha mkunjo. Nilipopitisha ncha ya kidole, karatasi ilikuwa tambarare. Mkunjo ulikuwa umechapishwa. Karatasi ya asili ilikunjwa mahali pengine, miaka mingi nyuma, na kamera ikauchukua mkunjo wake pamoja na picha.

Nakala yenyewe si dhambi. Ya kazi naipenda, hasa ile ninayoibeba botini ikiloa grisi bila majuto. Dhambi ni kuiuza kwa jina la asili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia pini za katikati: za zamani zina kutu, na kutu hiyo imeingia kwenye karatasi. Tazama kama kuna matundu ya pini zaidi ya yale yanayotumika. Tafuta muhuri wa wakala nyuma, mwenye duka la boti katika mji fulani mdogo. Wengine huuona muhuri kama uchafu. Mimi huulipia zaidi, maana unaniambia karatasi ilisafiri hadi wapi.

Adui za karatasi

Brosha nyingi zilichapishwa kwenye karatasi inayong'aa, iliyopakwa udongo laini ili rangi ikae. Udongo huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake. Ukiloa kisha ukakauka, kurasa hushikana kama tofali, na huwezi kuzitenganisha bila kung'oa picha. Kwa hiyo karatasi ya asili haikai botini. Haikai darini kwenye joto wala chini ya nyumba kwenye ukungu. Weka mahali pakavu lakini si pakavu kupita kiasi, unyevu wa asilimia 35 hadi 50, na giza. Jua ni adui wa polepole: brosha niliyoiwekea fremu sebuleni imepoteza wekundu wote wa mahogani, imebaki buluu ya maji.

Tumia mifuko ya poliesta. Ile ya plastiki laini yenye harufu kali hutoa kemikali zinazokula wino. Usibandike gundi ya selotepu kamwe, wala usifunike kwa plastiki ya moto. Vyote havirudi nyuma. Pini zenye kutu zitoe taratibu kwa kunyoosha miguu yake, si kwa kuzivuta. Ukitaka kuandika kitu, andika kwa penseli laini, nyuma, pembeni. Kisha piga picha kila ukurasa na uwape wenzako. Picha haimalizwi kwa kutazamwa na wengi, na mwenye matundu manne yasiyoeleweka huenda yuko Ontario au Italia, anangoja.

Mwezi uliopita niliweka kikanyagio. Nilikipata cha umri uleule wa boti, mpira ukiwa umepasuka kidogo, nikaamua kuacha nyufa zilivyo. Skrubu ziliingia kwenye nafasi zilezile baada ya kutoboa vijiti vilivyoziba. Nilipokanyaga kuingia botini, mguu ulijua mahali pake.

Jioni ile nililifungua jalada la boti. Mna brosha, orodha ya bei, kitabu cha injini, nakala ya kadi ya kiwanda. Nikaongeza karatasi moja yangu: mchoro wa sitaha ya kulia, vipimo kutoka kingo hadi kila tundu, na picha ya mbao tupu kabla ya vanishi. Nimeandika kwa penseli, kwa herufi kubwa, ili atakayeikwangua baada yangu asihangaike. Nakala nyingine nimeituma Matondoni, na ndani ya bahasha nimetia rula, karatasi tupu na penseli mbili. Nimemwomba mtoto wa ami aanze na mashua iliyopandishwa ufukweni, mkuku kwanza, na ami akae kando yake amtajie kila kipande jina lake.